VIJANA NA UFUNDI: Kumbukumbu inayobaki hata umeme ukikatika

Namna gani mashini inakumbuka kazi yake asubuhi, wakati usiku muzima haikupata umeme? Mu mashini nyingi za leo muko kompyuta ndogo inayoitwa mikrokontrola. Tutwae mufano wa kadi ya Arduino Uno R3, ambayo wanafunzi wengi wanajifunzia. Kipande chake cheusi chenye miguu 28 kinaitwa ATmega328P.

Zamani, kufuta programu ya namna hii kuliomba mwanga wa ultravioleti, dakika nyingi. Mwaka 1984 Fujio Masuoka wa kampuni Toshiba, kule Japani, alionyesha kumbukumbu ya flashi, inayofutwa kwa umeme tu.

Flashi iko sawa vyumba vidogo vyenye kuta nene. Elektroni zikifungiwa ndani, chumba kinasomwa 0; zikitolewa, kinasomwa 1. Umeme wa inje ukikatika, kuta zinazishika. Njo maana programu haipotei.

Kazi ya kuandika inafuata njia hii:

1. Kufuta. Kuandika kunaweza kugeuza 1 kuwa 0, lakini hakurudishi 0 kuwa 1. Kwa hiyo ukurasa muzima wa baiti 128 unafutwa kwanza, yote inakuwa 1.

2. Kuandika. Baiti 128 zinakusanywa kwanza pembeni, kisha zinaingizwa pamoja, mu muda usiofika milisekunde 5.

3. Kuhakikisha. Kompyuta inasoma tena na kulinganisha.

Sasa muangalie hatari. Umeme ukishuka katikati ya kuandika, ukurasa unaweza kubaki nusu-nusu. Musitupe kadi! Mu Uno kuko programu ndogo ya baiti 512, butlода, iliyofungwa mahali pake. Hiyo inapokea programu upya kwa waya ya USB. Lakini mutu anayetumia programa ya inje na kuamuru kufuta kipande chote, anafuta na hiyo butloda. Ni lazima airudishe.

Tena, kuta zinachoka. Mutengenezaji anahesabu mara 10,000 za kufuta na kuandika. Kijana akiandika kipimo cha joto kila dakika mu ukurasa ule ule, hesabu hiyo inaisha mbele ya siku 7. Flashi ni ya kutunza programu. Vipimo vya kila dakika viwekwe kwingine.