Kupiga msasa si kuidhinisha

KILA Rais anapoteua mawaziri, magazeti na redio zetu hutangaza kwamba wateule hao 'watapigwa msasa' bungeni. Wapo wanaoyapinga matumizi haya. Hoja yao ni kwamba msasa hulainisha, ilhali kazi ya Bunge ni kuchunguza. Je, wana haki?

Tuanze na asili. Msasa ni mti wa jamii ya mkuyu wenye majani yanayokwaruza. Majani hayo yalitumiwa kusugulia mbao, na jina la mti likahamia kwenye karatasi ya dukani inayofanya kazi iyo hiyo.

Hapa Machakos, utamwona mwanabodaboda akilipaka rangi tangi la pikipiki yake mwenyewe uani, au 'akilipiga spre' kama wasemavyo vijana. Kwanza huliosha kwa sabuni litoke grisi. Halafu huchukua msasa mkali, tuseme namba 180, akakwangua rangi kuukuu hadi kutu ionekane na kuondoka. Hufuatisha namba 400, maana kadiri namba inavyopanda ndivyo msasa unavyokuwa laini. Ndipo hupuliza praima, akaisugua kidogo kwa namba 600 ikishakauka, akaja na rangi yenyewe kwa matabaka mepesi mepesi, kisha vanishi. Anayeuruka msasa tangi lake litang'aa siku chache tu, halafu rangi ibanduke. Kutu haifi kwa kufunikwa.

Kumbe msasa una kazi mbili: kukwangua kwanza, kulainisha baadaye. Lugha imezihifadhi zote. Mhariri anayeupiga mswada msasa anaulainisha. Bunge linalompiga mteule msasa linamkwangua lione kilicho chini ya rangi. Kwa hivyo sioni kosa katika matumizi hayo.

Kosa ninaloliona ni jingine. Siku hizi nasikia 'amepigwa msasa' ikimaanisha 'ameidhinishwa'. La hasha! Mnamo Agosti 2024, wateule 20 walipigwa msasa, lakini Bunge la Kitaifa likaidhinisha 19. Yule wa 20 naye alipigwa msasa, ila hakupita.

Basi mwandishi aseme 'alipigwa msasa akaidhinishwa' au 'alipigwa msasa akakataliwa'. Akiishia kwenye msasa, msomaji hajajua kama chini palikuwa na chuma au kutu.