Fahamu: Windows na Linux ndani ya kompyuta moja

Tarehe 14 Oktoba 2025, Microsoft ilihitimisha huduma ya kawaida kwa Windows 10. Kompyuta nyingi za nyumbani hazikidhi masharti ya Windows 11, hasa chipu ya usalama ya TPM 2.0. Njia moja ni kuweka Linux, kama Ubuntu au Mint, bila kuifuta Windows.

Diski hugawanywa, kila mfumo ukapata sehemu yake. Ukiwasha mashine, programu ndogo iitwayo GRUB hukuuliza unaingia wapi. Kuhama ni mpaka uzime na kuwasha upya.

Kabla ya kugawa diski, nakili mafaili yako kwenye diski ya nje. Kama BitLocker, programu ya Windows ya kufunga diski kwa siri, inafanya kazi, hifadhi pia ufunguo wake wa kurejesha; hapa ndipo watu hulia. Zima uwashaji wa haraka wa Windows, la sivyo Linux inaweza kukataa kuandika kwenye sehemu ya mwenzake. Windows 10 yenyewe, kwa maoni yangu, ibaki kwa kazi zisizohitaji intaneti.

Ukiwa Nairobi au Dar es Salaam, usishtuke Windows ikionyesha muda uliorudi nyuma kwa saa tatu. Linux huweka saa ya mashine kwa UTC, yaani saa ya kimataifa, Windows huidhani ni saa ya hapa. Amri ya timedatectl upande wa Linux hurekebisha.