Homoni Iliyoshukia Nyegezi

Msomaji wa Buhongwa ameuliza haki iko wapi. Oktoba 2025 Ruth Chepng'etich wa Kenya alifungiwa miaka 3, lakini rekodi ya dunia ya marathoni aliyoiweka Chicago mwaka mmoja kabla, saa 2:09:56, haikufutwa.

Kesi yake ni ya dawa ya kukojoza, na kwangu hainogi sana. Nitajibu kwa Asbel Kiprop, aliyepata kukaa pande zote mbili za jambo hili. Beijing, Agosti 2008, fainali ya Olimpiki ya mita 1,500: Rashid Ramzi wa Bahrain alishinda kwa 3:32.94, na Kiprop, kijana wa miaka 19, akamfuata kwa 3:33.11. Sampuli zilipopimwa upya, damu ya Ramzi ikakutwa na CERA, ndugu wa EPO. Novemba 2009 akavuliwa dhahabu, ikaenda kwa Kiprop. Mehdi Baala wa Ufaransa, aliyetoka uwanjani mikono mitupu, akapata shaba. Novemba 2017 ikawa zamu ya Kiprop: mkojo wake ulionyesha EPO. Alikana, akafungiwa miaka 4.

Magazeti yetu huiita EPO dawa ya kusisimua misuli. Haisisimui misuli yoyote! Ni homoni ya figo inayouamuru uboho utengeneze chembe nyekundu za damu, zile zinazobeba oksijeni. Ningeiita kizidishadamu, ingawa kinachozidi ni chembe nyekundu tu, na "kizidishachembenyekundu" kitamkata mtangazaji pumzi kabla ya mwanariadha.

EPO ya kiwandani kwa kawaida hutengenezwa na seli za ovari ya hamsta wa Kichina, mnyama wa jamii ya panya, zilizopandikizwa jeni ya binadamu. Protini ni ileile ya figo zetu. Utazitofautishaje? Seli ikishaunda protini huibandika minyororo ya sukari, na seli ya hamsta haibandiki kama figo ya mtu. Baadhi ya sukari hizo ni asidi na hubeba chaji hasi. Mwaka 2000 Françoise Lasne na Jacques de Ceaurriz, wa maabara ya Châtenay-Malabry, Ufaransa, walionyesha namna ya kuisoma tofauti hiyo kwenye mkojo.

Hutandazwa jeli ambayo asidi yake huongezeka kutoka ncha moja hadi nyingine, kisha hupitishwa umeme. Ifanye jeli hiyo barabara ya daladala kutoka Buhongwa kwenda mjini, na chaji iwe nauli. Kadiri molekuli inavyoingia kwenye asidi kali, ndivyo nauli yake inavyoliwa; ikifika sifuri umeme hauna cha kusukuma, inashuka hapohapo. EPO ya figo ina nauli nene: inapita Mkolani, inapita Nyegezi, nyingi zinashukia Mkuyuni na Igogo. Ya hamsta inaishiwa mapema, inajazana Mkolani na Nyegezi. Konda huyu si rahisi kumdanganya. Mpimaji hupiga picha ya vituo vyote, akaona abiria wamesongamana wapi. Kuna na utamu mwingine: mwili ukiona chembe nyekundu zimetosha, figo hupunguza kutoa EPO yao. Basi anayejidunga mara nyingi hujaza Nyegezi na papo hapo huacha Mkuyuni kweupe.

CERA imeongezewa mkia mrefu wa polietilini glaikoli, ikawa kubwa mno kupenya vizuri kwenye chujio la figo. Ndiyo maana Ramzi alinaswa kwa damu. Dozi ndogo za EPO hutoweka ndani ya siku chache.

Kwa hiyo picha ya jeli inaeleza tu nani alikuwa barabarani siku ya sampuli. Ya 2017 haisemi lolote kuhusu 2008, kwa hiyo kanuni hufuta matokeo kuanzia siku ya sampuli, na dhahabu ya Beijing ni ya Kiprop mpaka leo. Inauma, ila naikubali: kumvua mtu medali kwa tuhuma za miaka 9 baadaye ni kupima tabia, na hakuna jeli ya kupimia hiyo. Sampuli ya Chepng'etich ni ya Machi 2025. Chicago ilikuwa Oktoba 2024, kabla ya sampuli hiyo, kwa hiyo rekodi haikuguswa. Hata hivyo kanuni za sasa huruhusu sampuli iliyohifadhiwa kupimwa upya ndani ya miaka 10. Kama chupa za Chicago zimetunzwa, zinaweza kufunguliwa hadi Oktoba 2034.