Mpiga Debe wa Bendi Huru

Bendi isiyo chini ya kampuni ya kurekodi hujigharamia yenyewe studio, picha na hata usambazaji. Ndipo ada ya mpiga debe ikaonekana anasa. Istilahi yenyewe yapotosha. Mpiga debe wa kituo cha matatu humwita kila apitaye. Huyu wa muziki huteua mhariri au mtangazaji mmoja, akampa habari yenye mashiko kuhusu albamu kabla haijatoka. Hanunui nafasi kama mwenye tangazo la biashara, bali huwashawishi wenye nafasi waitoe bure. Kwa hiyo hulipwa kwa juhudi, si kwa matokeo, na anayeahidi ukurasa wa kwanza ni wa kutiliwa shaka.

Sauti Sol ya Nairobi ilipotoa albamu ya Live and Die in Afrika mwaka 2015 bila kampuni ya nje, kazi hiyo ilikuwa mikononi mwa mwanahabari Anyiko Owoko. Uteuzi wa busara, kwani aliyezoea chumba cha habari ajua taarifa zipi hutupwa. Bendi changa isiyomudu ada ya mwaka heri imwajiri kwa miezi mitatu, miwili ikitangulia uzinduzi; akija nyimbo zimekwisha kuzagaa mitaani, wahariri huziona zimechacha.