Sarafu mbili, wakia moja

Ziweke sarafu mbili juu ya kioo cha duka la dhahabu, pale Deira, Dubai. Moja ni Krugerrand ya Afrika Kusini, ina wekundu kidogo na uzito wa gramu 33.93. Nyingine ni Maple Leaf ya Kanada, manjano iliyokolea, gramu 31.1. Ukizipima kwa kiganja utaapa kwamba Krugerrand ndiyo yenye dhahabu nyingi. Sivyo. Zote mbili zina wakia moja ya dhahabu safi, yaani gramu 31.1. Uzito uliozidi kwenye Krugerrand ni shaba, iliyochanganywa ili sarafu isikwaruzike upesi.

Dhahabu ni ile ile, lakini risiti hazitafanana. Falme za Kiarabu zilianza kutoza VAT ya 5% tarehe 1 Januari 2018. Dhahabu, fedha na platinamu za uwekezaji hutozwa asilimia sifuri, ila kwa masharti: usafi uwe 99% au zaidi, na umbo liwe linalouzika katika masoko ya madini ya dunia. Maple Leaf, yenye usafi wa 99.99%, inapita. Krugerrand ni ya karati 22, sawa na 91.67%, kwa hiyo inabaki nje ya mlango pamoja na pauni ya dhahabu ya Uingereza na American Eagle. Katika Umoja wa Ulaya mpaka wa sarafu ni 90%, na Krugerrand huuzwa huko bila VAT. Ndiyo maana ushauri wa jamaa aliyeko Ujerumani unaweza kukutia hasara Dubai.

Sasa hesabu. Dirhamu imefungwa kwenye dola kwa 3.6725 tangu 1997, hivyo bei ya dunia unaigeuza mwenyewe kwa simu. Tuseme wakia ni dola 3,000. Zidisha kwa 3.6725, unapata dirhamu 11,017.50. Gawa kwa 31.1035, unapata dirhamu 354.22 kwa gramu. Linganisha na bei ya karati 24 iliyobandikwa sokoni siku hiyo. Chochote unachodaiwa kuzidi hapo, ondoa kodi kama ipo, ndicho wanachokiita Kariakoo "cha juu": gharama ya kiwanda na faida ya muuzaji.

Cha juu hupanda sarafu inapopungua ukubwa. Kupiga chapa sarafu ya moja ya kumi ya wakia kuna kazi karibu sawa na kupiga ya wakia nzima, na gharama hiyo inagawanywa kwa dhahabu kidogo. Vipande vya tola kumi, gramu 116.64, vilivyotoka Dubai kwenda India kwa miaka mingi, vina cha juu kilicho kidogo kuliko cha sarafu. Lakini ada ya shule ikifika, huwezi kukata kipande ukauza robo. Sarafu unatoa moja, nyingine zinabaki.

Kuna pia sarafu ambazo thamani yake haimo kwenye dhahabu peke yake. Mwaka 1974 Tanzania ilitoa sarafu ya dhahabu ya shilingi 1,500 yenye picha ya duma: gramu 33.4, usafi 90%. Mkusanyaji anaweza kuilipia zaidi ya madini yake kwa uchache wake na hali yake. Mnunuzi wa dhahabu chakavu ataiweka kwenye mizani tu, na mizani haijui duma. Sarafu ya namna hiyo mpelekee anayeitafuta, wala usiisugue ili ing'ae; ukiisugua unafuta bei.

Wazee wetu wa pwani nao walijua kwamba sura ya sarafu ina uzito wake. Riale ya Maria Theresa, fedha ya gramu 28 yenye mwaka 1780, ilizunguka Zanzibar, Oman na Uhabeshi katika karne ya 19. Iliendelea kupigwa chapa kwa mwaka ule ule muda mrefu baada ya Maria Theresa, malkia mwenye sura hiyo, kufa, kwa sababu watu waliamini sura wanayoifahamu. Hata leo, sarafu inayofahamika ndiyo inayouzika upesi.

Ukiwa safarini, kumbuka forodha: anayeingia au kutoka Falme za Kiarabu na fedha taslimu au madini ya thamani yanayozidi dirhamu 60,000 lazima atoe taarifa. Kwa bei ya mfano wetu, sarafu sita zinavuka kiwango hicho.

Na kabla hujatoa pochi, muulize muuzaji swali moja: "Nikikurudishia hii sasa hivi, utanipa ngapi?" Toa jibu lake kwenye bei anayotaka. Kinachobaki ndicho unachokitumia leo. Jibu lake ndiyo dhahabu yako.