Gemu ya mtoto inaweka wapi vitu vyake? Swali la kuuliza kabla picha za familia hazijafutika

Singida. Saa moja jioni, upepo wa Ziwa Singidani ukianza kupiga mabati ya Mandewa na Utemini, simu ya mama hubadili mwenyewe. Mchana kutwa ilikuwa ya biashara: oda za mafuta ya alizeti, meseji za malipo, picha za risiti. Jioni ni zamu ya mtoto, na mtoto ana shughuli moja tu, gemu.

Chukua mfano wa mama mwenye mtoto wa darasa la nne na mwingine wa miezi minane. Gemu inadai toleo jipya, simu inajibu kuwa nafasi imejaa. Mtoto hana ukorofi wowote, anafuata kile simu inachomwambia. Anafungua picha, anakuta makaratasi mengi yaliyopigwa picha ambayo hayana maana kwake, anafuta. Kati ya hayo ilikuwamo kadi ya kliniki ya mdogo wake, yenye tarehe za chanjo za wiki ya 6, ya 10 na ya 14, na ya surua na rubella inayosubiriwa akifikisha miezi 9. Kadi yenyewe ililowa mvua na wino ukaenea. Picha ile ndiyo ilikuwa akiba.

Mama naye akigundua, hasira zinampeleka kwenye gemu. Anaiondoa yote kwenye simu. Hapo mtoto analia kilio ambacho hakuna mtu mzima anayekielewa, kwa sababu ndani ya ile Minecraft alikuwa na kijiji alichokijenga kwa miezi mitatu. Kimekwenda na gemu.

Hasara mbili, na chanzo chake ni kimoja: ndani ya nyumba hiyo hakuna aliyejua kitu gani kinakaa wapi.

Mazungumzo ya watoto na gemu kwa kawaida huishia kwenye muda. Ni kweli muda una uzito wake. Shirika la Afya Duniani (WHO) katika mwongozo wa mwaka 2019 linashauri mtoto wa miaka 2 hadi 4 asizidishe saa moja kwa siku mbele ya skrini, na aliye chini ya mwaka mmoja asiwekwe mbele yake kabisa. Lakini mzazi anaweza kuhesabu dakika vizuri na bado akapoteza kumbukumbu za familia nzima kwa mguso mmoja wa kidole.

Simu ya Android ina sehemu mbili ambazo mzazi anapaswa kuzitofautisha. Ya kwanza ni chumba cha gemu yenyewe. Kila programu hupewa chumba chake, na humo ndimo zinamokaa ramani, sauti na hatua alizofikia mchezaji. Programu ikiondolewa, chumba hicho kinabomolewa na vyote vilivyomo. Ndiyo maana kile kijiji cha Minecraft hakikubaki. Tangu Android 11 iliyotoka mwaka 2020, vyumba hivyo vimefungwa zaidi, kiasi kwamba programu za kawaida za kupitia mafaili haziruhusiwi kuingia humo. Kwa hiyo mzazi akitafuta kitu hicho asikione, si kwamba simu ni mbovu.

Sehemu ya pili ni ya wote, kama sebule. Picha za kamera zinakaa humo kwenye folda ya DCIM, na picha za skrini mara nyingi kwenye folda ya Screenshots. Picha anayopiga mtoto kwa vitufe vya simu ili aonyeshe kuwa ameshinda huenda huko. Haifutiki gemu ikiondolewa. Inabaki, inarundikana, nyingine mia inafuata, na zote zinagombea nafasi ileile na picha za kliniki, ubatizo na msiba wa babu.

Gemu iliyotengenezwa kwa adabu inatakiwa kuliona jambo hili mapema. Picha ambayo mchezaji ameomba ihifadhiwe iwekwe sebuleni, katika albamu yenye jina la gemu, ili mzazi aione na aweze kuifuta kwa mara moja bila kugusa nyingine. Hatua za mchezo zitunzwe pia kwenye akaunti ya mtandaoni, zirudi simu ikipotea au gemu ikiondolewa. Takataka za muda zibaki chumbani kwake. Gemu nyingi hazifanyi yote matatu, kwa hiyo kabla ya kuondoa gemu ingia kwanza kwenye mipangilio yake uone kama hatua za mtoto zimeunganishwa na akaunti. Na kama shida ni nafasi tu, kwenye ukurasa wa gemu katika mipangilio ya simu kuna kufuta akiba ya muda na kuna kufuta data. La kwanza kwa kawaida haliharibu mchezo. La pili linamrudisha mtoto mwanzo.

Kuna jingine ambalo wazazi hulipita haraka, nalo ni ruhusa. Gemu inauliza kama inaweza kuona picha na video, na mtoto anabonyeza kubali ili acheze. Tangu Android 10 ya mwaka 2019, programu haihitaji kuziona picha zako zote ili kuweka picha yake moja kwenye albamu. Ikiomba zote, kataa, kisha uone kama inacheza. Mara nyingi itacheza. Kuanzia Android 14 simu inakuwezesha kuchagua picha chache tu za kuionyesha. Kwa mama anayetunza majibu ya maabara kwenye simu hiyohiyo, hili si dogo.

Picha ya skrini yenyewe nayo ina mtego wake. Inanasa kila kilichokuwapo kwenye kioo, ukiwamo ujumbe ulioshuka juu sekunde ileile: salio la simu, au meseji ya kliniki kuhusu dawa. Mtoto anaona alama zake za ushindi, anaituma kwenye kundi la WhatsApp la wenzake, na wazazi wa darasa zima wanasoma. Wakati wa gemu, zima taarifa zinazoshuka juu ya skrini.

Wenye kompyuta nyumbani nao wana la kwao. Kwenye Windows gemu nyingi huweka mafaili ndani ya Documents, katika folda ya My Games, palepale mwalimu anapoweka maandalio yake ya masomo. Kama Documents inanakiliwa OneDrive, ile nafasi ya bure ya GB 5 inaweza kuliwa na gemu.

Kwa simu ya kugawana, baadhi ya Android zinaruhusu kufungua mtumiaji wa pili. Mtoto akiingia kwake haoni picha za mama, hivyo hawezi kuzifuta, ingawa nafasi ya simu bado ni ileile moja. Kadi ya kliniki na vyeti vinafaa kunakiliwa kwenye akaunti ya Google, ambayo hutoa GB 15 bila malipo. Picha za makaratasi hazili bando kubwa, video ndizo zinazolimaliza.

Na kama picha tayari imefutwa, usikimbilie kwa fundi kwanza. Fungua Google Photos, uangalie kwenye tupio. Picha iliyokuwa imenakiliwa mtandaoni hukaa humo siku 60, na ambayo haikunakiliwa, kwenye simu za Android 11 na kuendelea, siku 30. Hesabu tangu siku mtoto alipofuta, na wakati huo simu asipewe, kwa sababu tupio nalo lina kitufe cha kufuta.