Rafadha ya Eropleni za Vita

Wengi hudhani ya kuwa rubani wa eropleni ya vita alikuwa na kazi mbili tu, kuongoza na kupiga mizinga. Leo twataka kueleza kazi ya tatu, iliyofanywa kwa mkono wa kushoto, nayo iliweza kumwokoa au kumwua.

Apigaye kafi ajua ya kuwa akililaza bapa hushika maji mengi, naye huchoka upesi. Akiligeuza upande hupita kama kisu, wala chombo hakiendi. Mapanga ya rafadha ni vivyo hivyo. Yakikata hewa kidogo, mashine huzunguka kwa wepesi na kutoa nguvu zake zote; hayo ndiyo yatakiwayo wakati wa kuruka. Yakikata hewa nyingi, kila mzunguko huisukuma eropleni mbali zaidi, ndiyo yafaayo kwa mbio kubwa.

Spitfire za kwanza, za mwaka 1938, zilikuwa na rafadha ya mti yenye mapanga mawili yasiyogeuka. Ikafuata yenye hali mbili, naye rubani aliigeuza mwenyewe. Lakini binadamu husahau. Mwaka 1940 Douglas Bader, aliyekwisha kupoteza miguu yote miwili mwaka 1931, alianza kuruka na mapanga yake yamewekwa kwa mbio kubwa. Eropleni ikakosa nguvu za kuinuka, ikaanguka, yeye akapona.

Kiangazi cha mwaka huo mafundi wa de Havilland walizunguka viwanjani wakizitia Spitfire na Hurricane zaidi ya 1,000 chombo kipya. Ndani yake mlikuwa na vizito vidogo vizungukavyo: mashine ikizidi mwendo, vizito hutanuka na kugeuza njia ya mafuta mazito yaendeshayo mapanga, nayo hukata hewa zaidi mpaka mwendo urudi pale rubani alipoagiza. Vitani aliagiza mizunguko 3,000 kwa dakika.

Hata hivyo utaratibu ulibaki mkononi mwake. Atakaye nguvu huongeza mizunguko kwanza, kisha petroli. Apunguzaye hupunguza petroli kwanza. Akikosea, huilemea mashine kama punda apandishwaye mlima na mzigo uliomzidi.

Hofu hiyo wengine waliipitisha kiasi. Mwaka 1944, huko New Guinea, Charles Lindbergh aliwaonyesha marubani wa Marekani wa P-38 ya kuwa katika safari ndefu mizunguko 1,600 yatosha. Walidhani mashine zitavunjika. Hazikuvunjika, nao wakarudi na petroli tele.